Kitenge cha Jubilei

Mdogo wangu Shekinah alitoa masharti yake ndani ya gari, kabla hatujaondoka Sheffield. Mtu asipige kelele. Mtu asisimame. Mtu asitandike kitenge popote. Aliyasema kwa Kiingereza, kama anavyosema mambo yake yote mazito, na Papa, baba yetu, akamjibu kwa Kiswahili, "Sawa, muheshimiwa," huku akiwasha gari.

Alikuwa na haki. Katika mashindano ya kwanza ya maisha yake ya kuteleza kwenye barafu alikuwa bado angani, katikati ya mruko, Papa alipopaza sauti, "Haleluya!" Shekinah akatua kwa makalio. Ana miaka tisa, na tangu siku ile hajaweza kuteleza ngoma yake yote mbele ya watu bila kuanguka. Kocha alimwambia kwamba akiimaliza London bila kuanguka, ataingia kwenye timu ya klabu. Akianguka, angoje mwaka mwingine.

Papa alikuwa ameshajifunza. Hofu yetu ilikuwa dada yake, Tantine Anne, aliyetungoja Thornton Heath, kusini mwa London. Tantine ni kiongozi wa kina mama wa kanisa lake. Kwao mtu akihitimu, akiolewa au akipata makaratasi ya ukaazi, kina mama humtandikia vitenge apite juu yake, miguu isiguse chini. Tantine ameshatandika kwenye maegesho ya magari, kwenye ngazi za mahakama, na mara moja kwenye kituo cha basi, dereva akangoja.

"Ya Laurette, wewe ndiye utamwambia," Shekinah aliniambia. Ya, kwetu, ni dada mkubwa.

Mimi, ambaye mkahawani hunywa chai ya mtu mwingine kwa kuona haya kumrudishia mhudumu. Na kwetu mtoto hamwambii shangazi yake anyamaze.

Tantine alitufungulia mlango akiwa amevaa kitenge cha jubilei ya kanisa, cha buluu, chenye uso wa Pasta Israël kila mahali. Uso mmoja ulikuwa kifuani, mwingine tumboni, na mwingine nyuma, ambao aliukalia kila alipoketi. Akanifunga na mimi kimoja kiunoni kabla sijavua koti.

"Mashindano ni mchana," akasema. "Kwanza muone mji."

Papa alitaka kuona ule mnara wa saa maarufu.

"Saa si unayo kwenye simu?" Tantine alimuuliza.

Akatupeleka Croydon, kwenye jengo la uhamiaji. "Hapa nilipanga mstari na mvua yote ikaishia kichwani mwangu. Shekinah, simama hapo na viatu vyako, nikupige picha." Akatupeleka Lewisham, akatuonyesha dirisha la hospitali analolisafisha kila asubuhi, kwa fahari ya mtu anayeonyesha ikulu. Sokoni alibishania bei ya sombe, majani ya muhogo, mpaka muuzaji akaomba msamaha. Watalii wengine siku hiyo walipanda ghorofa za vioo kuutazama mto. Sisi tulimaliza London bila kuuona.

Kila tuliposimama nilijaribu. "Tantine, kuhusu mchana…"

"Kula kwanza."

"Tantine, Shekinah ameomba…"

"Anaomba vizuri huyo mtoto. Ana kipawa cha maombi."

Mlangoni mwa uwanja wa barafu tulikutana na mama mmoja Mhindi, mzee, mwenye fulana ya kijani ya kujitolea. Kitambulisho chake kiliandikwa Kalpana. Akatazama mfuko wa Tantine, ambamo sufuria ya chakula ilikuwa imechomoza.

"Mama, hii sufuria itabaki na mimi," akasema kwa Kiswahili.

Tantine akashtuka. "Na wewe umesoma wapi Kiswahili?"

"Sijasoma. Nilizaliwa Kisumu. Hiyo pilipili naisikia kutoka huku."

Ndani, wazazi wa watoto wengine walikaa kimya kama watu wanaongoja majibu ya vipimo. Walipiga makofi na glavu mikononi, yasisikike. Kisha nikaiona safu ya tatu. Tantine alikuwa amewaita kina mama wote. Pasta Israël alijaa kutoka kiti cha kwanza hadi cha mwisho, akitabasamu.

Jina la Shekinah lilipotajwa, akaingia kwenye barafu na kunitafuta kwa macho. Tantine alikuwa ameshasimama. Ameshafungua kitenge cha juu kiunoni. Ameshaanza kushuka kuelekea ukingoni.

"Tantine, keti."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Safu nzima ikageuka.

"Unaniambia mimi?"

"Akiwasikia anaanguka. Na akianguka leo, timu hawamchukui. Amenituma niwaambie, nikaogopa. Nawaomba, Tantine. Kimya tu."

Akaketi, akainua mkono, na safu nzima ikafunga midomo. Tantine hafanyi kitu nusunusu. Hakuna aliyekohoa. Mama Plamedi, mmoja wao, alijiziba mdomo kwa paji la uso la Pasta.

Shekinah akaruka, akatua. Akaruka tena, akatua. Akazunguka mpaka nikaona kizunguzungu mimi, kisha akasimama, mikono juu. Glavu zikapapasana kidogo. Kwetu, hakuna hata pumzi. Hata kwenye matanga yetu sijawahi kusikia ukimya kama ule.

Akatutazama. Uso ukamkunjamana. Alipofika kwenye geti alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema Kiswahili.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama," Tantine akamjibu huku akishuka mbio.

"Sasa mbona mumenyamaza? Nimemaliza!"

Akataka kutujia. Bi Kalpana akamzuia kwa mkono. "Ngoja, mtoto. Hii ni simenti, visu vya viatu vitaharibika. Vifuniko viko wapi?"

Papa akajipekua mifukoni. Akatoa ufunguo, akatoa nusu ya andazi. Vifuniko vilibaki kwenye gari.

Tantine akanitazama. Hakumtazama Papa wala Bi Kalpana. Alinitazama mimi, kitenge mkononi, akingoja. Nikafungua changu kiunoni, nikakitandika kwenye simenti.

Vigelegele vilivyofuata vilimfanya jaji mmoja aangushe kalamu. Vitenge vikashuka kimoja juu ya kingine, na Shekinah akapita juu yake akilia na kucheka, hatua kwa hatua, mpaka mikononi mwa Papa.

Alikuwa wa tano kati ya sita. Kocha alimwambia aje mazoezini Jumanne pamoja na timu. Tantine alituma ujumbe wa sauti nyumbani Bukavu kwamba mtoto amewashinda Wazungu wote, na Shekinah, aliyekuwa anakula sombe, hakumkanusha.

Tulilala kwake, na Jumapili tukaenda naye kanisani. Alivaa kitenge kilekile, akaketi mbele. Kisu cha kiatu kilikuwa kimempasua Pasta wa tumboni, kutoka sikio moja hadi la pili, kupitia kwenye masharubu. Pasta mwenyewe alihubiri akitupa jicho pale kila mara. Baada ya ibada akaja moja kwa moja.

"Mama Anne, nani amenikata?"

"Mtoto wetu, Pasta. Amepita juu yako na hakuanguka."

Pasta akafikiri. Akagusa masharubu yake.

"Amina," akasema.