Mguu wa Siti Katika Picha ya Mdachi

Yule Mdachi mchoraji alisuuza brashi zake kwa maji yangu, kisha akayamwaga mchangani. Huku Newala juu hatuna kisima. Maji tunayafuata bondeni, tunapanda nayo mlima kichwani, na huyu anamwaga! Nilimchukia papo hapo.

Alitumwa na gazeti la picha la kwao. Barnaba, mkalimani wake kutoka misheni ya Masasi, alinieleza kwamba Bwana Mdogo, mtoto wa mkuu wa boma niliyemlea kabla ya vita vya Maji Maji, sasa anarusha mashine angani na Udachi nzima inamshangilia. Gazeti linataka picha ya utoto wake, siku alipojaribu mbawa zake za kwanza.

"Mbawa hizo alizivaa nani?" nikauliza.

Newala nzima inajua. Bwana Mdogo alimfunga binti yangu Siti mbawa za mianzi na shuka, akamsukuma kutoka juu ya paa la ghala, aone kama zitabeba. Hazikubeba. Mguu ulivunjika ukaunga upande, na wenzake walipotoka unyagoni wakicheza, wangu alikaa mkekani akipiga makofi.

Sasa kwenye karatasi Bwana Mdogo alikuwa anaruka mwenyewe, na Siti kasimama chini, mzima, meno yote nje.

Nikaukumbatia mtungi. "Mwambie hapati tone mpaka auchore mguu kama ulivyo."

Mdachi alifoka, akatishia kuita askari. Tangu vita watu wamefungwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Lakini askari hawashuki bondeni kuteka maji, na rangi zilikuwa zinamkaukia. Akakubali. Nikammiminia kidogo, akachora. Siti akasogea na fimbo yake, akautazama mguu wake, akatabasamu.

Mdachi naye akacheka, akamwambia Barnaba neno. Nikamkazia Barnaba macho mpaka akatafsiri.

"Anasema, Mama Siti, ataunyoosha akifika Lindi. Kule maji ni tele."

Nikaumwaga mtungi wote juu ya picha. Mbawa, ghala na Bwana Mdogo vikatiririka mchangani. Mdachi akaita askari, wakanikokota kuelekea bomani. Sikulia.

Aliyelia ni Siti, akichechemea nyuma yetu. "Mama, ungeniacha nijitazame japo kidogo!"

"Heri usiwepo pichani kabisa," nikamjibu, "kuliko kuwachekea."