Jeneza Lililogoma Kushuka

Kila siku saa tisa alasiri Kerubo alisimama na mashine yake ya kufyonza vumbi kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi wa sinema, mjini Doha, akingoja Wajerumani wamalize. Wiki ile ya mwaka 2014 ilionyeshwa filamu yao moja tu: familia inakunywa supu bila kusemezana, bibi anafariki, anazikwa kwenye theluji bila mtu kudondosha chozi. Kisha supu tena.

Jumamosi, nyumbani Keroka, Kenya, walikuwa wamemzika mama yake, Phyllis. Kerubo hakwenda. Pasipoti yake ilikuwa kwenye droo ya kampuni, na ombi lake la kibali cha kusafiri lilikuwa bado "linashughulikiwa". Kaka yake Dominiko alimpigia simu jioni ile.

"Jeneza lilikuwa jepesi mno, Kerubo. Wabebaji walituuliza kama kuna mtu ndani."

Jumatatu, jeneza la kwenye filamu lilipofunuliwa, aliyelala humo alikuwa Phyllis, na sweta yake ya kijani ya kanisani. Familia ya Kijerumani ilimuaga kama kawaida. Lakini kamba zilipolegezwa, jeneza halikushuka. Padri akangoja. Filamu ikazidi kwa dakika nne, Jumanne kumi na moja, Jumatano ishirini na sita. Watazamaji hawakulalamika, walidhani ndiyo sanaa yenyewe.

Kerubo alijua mama anamngoja nani. Binti aliyetoka tumboni mwake hajamtupia udongo, atalalaje? Ilimuuma hadi chakula kikamshinda.

Alhamisi alizima mashine, akapita katikati ya viti, akakunja suruali ya sare, akapanda kwenye skrini, akaingia kwenye theluji. Baridi ilikuwa kali. Alilia kama wanavyolia kwao, kwa sauti, akimwita mama yake kwa majina yote, na Wajerumani, ambao hawakuwa wamelia tangu filamu ianze, wakaanza kutafuta leso. Mmoja alimsogezea sepetu. Hakuitaka. Alichota udongo kwa mkono.

"Nimefika, Mama," alisema. "Walinizuia."

Jeneza likashuka.

Filamu ikarudi kwenye urefu wake wa saa moja na dakika arobaini. Wesley, msimamizi wake, Mkenya mwenzake, alimkuta akisugua tope jekundu kwenye zulia.

"Pole sana, Kerubo. Nimekuona pale mbele. Umemzika mama vizuri."

"Asante, bosi. Na kile kibali changu? Nataka nikaone tu kaburi."

Wesley alijikuna shingo. Alikuwa na aibu, na aibu yake ilikuwa ya kweli.

"Nimepigia ofisi simu. Wanasema uliomba ruhusa ya mazishi, na mazishi si umehudhuria? Wameshafunga faili."

Kerubo aliitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na udongo kwenye kucha. Kisha akawasha mashine. Saa kumi na mbili kulikuwa na onyesho jingine, na zulia lilitakiwa liwe safi.