Jukwaa Dogo la Gerrit

Mtu akinunua jukwaa la kuwindia, usihangaike kumtazama uso, tazama amechagua lipi. Sisi tunaowinda kulungu kwa kuning'inia mtini, tandiko la mikanda kiunoni na kamba kwenye shina, kile kibao cha kusimamia ndicho kinachotoboa siri zetu. Jukwaa kubwa ni raha ya miguu lakini ni zito, kwa hiyo mwenye nalo hawindi mbali na barabara. Dogo linaumiza nyayo, na hakuna mwenye akili zake anayelinunua ila amekusudia kwenda mbali, kule wenzake hawafiki.

Sasa niambie: mdogo wangu Gerrit, mwenye miguu mikubwa kama makasia, mtu anayewasha pikapu kwenda kuchukua barua mwisho wa uwanja wake mwenyewe, alitaka jukwaa dogo la nini?

Tulikuwa dukani kwa Orrin, msimu haujafunguliwa bado. Nyuma ya duka Orrin amesimika gogo; ukitaka kujaribu jukwaa unavaa tandiko, unaning'inia pale karibu na sakafu, wateja wengine wanakucheka. Gerrit akajaribu lile kubwa, akashuka. Akapanda lile dogo. Visigino vikabaki nje, magoti ameyabana kwenye gogo.

"Nachukua hili," akasema.

"Hilo? Hilo si la kulalia kuku?"

"Ni jepesi, dada. Napunguza mzigo."

"Tangu lini unaogopa mzigo wewe? Na hilo tumbo unalibeba mwaka mzima hata hulalamiki!"

Orrin akacheka. Gerrit naye akacheka, ila kidogo tu, halafu akatazama pembeni. Nikaona. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi mawingu hayanipiti.

Maana kule kinamasini, mwisho wa matope ambayo watu wa kwetu hawapendi kuyavuka, nilikuwa na dume langu la kulungu. Nasema langu, ingawa ni msitu wa serikali na kila mwenye kibali ana haki. Pembe yake ya kushoto imepinda kuelekea chini, na shingo yake nene kama gunia la viazi. Nilikuwa nimemfuata misimu mitatu bila kumwambia kiumbe. Baba yetu alikufa hajapata dume wa namna ile, nami nilikuwa nimeapa kwamba mwaka huu simkosi.

Basi nikafanya hila yangu, aone kule kinamasini hakuna cha kufuata. Nikachukua jukwaa kubwa kuliko yote dukani, na lile langu dogo la zamani nikamwachia Orrin aliuze. "Magoti haya," nikasema kwa sauti, Gerrit asikie. "Nimezeeka mwenzenu. Mwaka huu nawinda kwenye mitufaha, pale karibu na barabara."

"Kweli?" Gerrit akauliza.

"Nikudanganye ili iweje?"

Nilidhani baada ya hapo nitalala usingizi. Wapi! Jumapili iliyofuata nikaenda kwake na pai ya cheri. Alipoingia jikoni kutafuta sahani, mimi huyo, mpaka barazani nyuma, nikainua buti zake. Matope meusi yamekaukia mpaka juu ya vifundo. Matope yale hayapatikani kwenye mitufaha ya mtu yeyote.

"Dada, unanusa buti zangu?"

Alikuwa amesimama mlangoni, kisu cha pai mkononi.

"Zimekaa ovyo. Nazipanga."

"Kama una swali, uliza."

"Swali gani? Kwani una jambo la kuulizwa?"

"Sina."

"Basi."

Tukala pai. Ilikuwa tamu na haikunishuka.

Kesho yake nikaingia kinamasini kuhakikisha. Si mbali na mti wangu kuna mwaloni mnene, na gome la mwaloni ule lilikuwa limechubuliwa na mkanda wa mtu aliyepanda. Michubuko ilikuwa imeshaota kuvu, kama ya mwaka uliopita, lakini ukishamjua mwizi wako, kuvu si hoja. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nami nikaona walimfahamu Gerrit.

Ikafika Novemba, siku ambazo madume wanawafuata majike mpaka wanasahau hofu. Nikaingia na lile jukwaa langu kubwa, maana jingine sikuwa nalo. Mungu anisamehe niliyoyasema njiani. Lilikuwa kama kubeba mlango wa jiko la kuni, likigonga kila tawi. Nikapanda, nikajifunga, nikatulia upinde mkononi, jasho likinitoka kwenye baridi.

Kulipopambazuka nikamwona. Kwenye ule mwaloni, ananing'inia kimya kwenye jukwaa lake dogo: Gerrit.

Naye akaniona. Hakupunga mkono. Akateremka taratibu, akaja mpaka chini ya mti wangu.

"Ulisema mitufaha," akanong'ona.

"Na wewe ulisema unapunguza mzigo. Kumbe unakuja kuutua kwangu!"

"Nilidhani umepaacha. Ulisema kwa mdomo wako."

"Nilijua utakuja. Nilijua tangu dukani!"

Akanitazama, shingo ameikunja kuangalia juu. "Haya. Mimi nakwenda ng'ambo ya kijito. Baki na kinamasi chako."

Akaenda. Nikafurahi, nisiseme uongo. Nilimsikia akichapua miguu matopeni, nikajisemea, nenda, mnafiki, nenda kabisa.

Dume alipokuja, jua lilikuwa limeshapanda juu ya miti. Alitokea nyuma yangu, pua chini, pembe ile imepinda vilevile. Ilibaki nigeuke kidogo tu. Nikahamisha mguu, na lile jukwaa likasaga gome la mti kwa mlio ambao hata Orrin angeusikia dukani. Dume akaruka, akakata matope kuelekea kijitoni, nami sikuwa hata nimeuvuta upinde.

Baadaye simu ikatikisika mfukoni. Gerrit alikuwa ameandika: "Nimempata. Njoo tumburute."

Kwetu, tangu enzi za baba, mtu hamburuti kulungu peke yake akiwa na ndugu aliye hai. Aliyekukasirisha jana utamwita, na aliyeitwa atakuja. Nikaenda.

Dume alikuwa amelala kwenye majani makavu, matumbo yameshatolewa. Roho iliniuma, iliniuma kweli. Nilipapasa ile pembe iliyopinda nikajikaza nisilie mbele ya mdogo wangu.

"Pole, dada," Gerrit akasema. "Nilitaka awe wako."

"Ndiyo maana umempiga."

"Alikuja mbio kutoka kwako, akasimama. Ningefanya nini?" Akapangusa mikono kwenye suruali. "Sikiliza. Mwaka jana nilikuwa kwenye ule mwaloni. Alipita chini yangu, akageuza ubavu, akatulia kabisa. Nikashusha upinde. Nilikuwa nimeona unavyonyamaza mezani mtu akitaja kinamasi, nikajua unamfuata. Hili jukwaa dogo nililinunua ili niweze kufika huku ng'ambo, nikuachie upande ule wote. Uliposema unahamia mitufaha, ndipo nikarudi mwaloni."

Hapo mtu mwingine angesema asante. Mtu mwingine angemkumbatia nduguye pale pale kwenye matope. Mimi nilisimama nikipima kila neno, buti, kuvu, kile kicheko cha dukani, na mdomo ukatangulia.

"Nani alikuona?"

"Nini?"

"Mwaka jana, ukimwacha apite. Nani alikuona?"

Gerrit hakukasirika hata, afadhali angekasirika. Akainama, akashika pembe zote mbili. Nikanyoosha mkono nishike moja, kama tulivyofunzwa, naye akauondoa mkono wangu polepole.

"Acha," akasema. "Nitamburuta mwenyewe."

Ni mwendo mrefu kutoka kijitoni mpaka barabarani, na Gerrit si mtu wa kutembea. Alivuta, akapumzika, akavuta tena, akihema, bila kugeuka nyuma. Nilimfuata njia nzima, mikono mitupu.