Mambo Ambayo Hayakutokea

Adhabu ya Kiptanui ilitangazwa baada ya misa, mbele ya shule nzima, kwa sauti ya kutangazia msiba. Kwa kosa la kuivisha sanamu ya Mtakatifu Yosefu kofia ya mpishi, angemfundisha Bruda Kornelis Kiingereza kila jioni mpaka mkaguzi wa elimu aje.

"Si afadhali viboko?" Waithaka, jirani yake wa kitanda, alimnong'oneza.

"Viboko vina mwisho," Kiptanui akajibu, akainamisha kichwa kama mtu anayeenda kuzikwa.

Bruda Kornelis alikuwa seremala kutoka Uholanzi, mrefu kiasi cha kuinama kwenye milango aliyoitengeneza mwenyewe. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amekwenda zake, na Padri Mkuu hakuwa na mwingine wa kusimama darasani ila Bruda. Lakini kwanza mkaguzi alitaka kumsikia akifundisha. Bruda alijua majina ya misumari yote kwa Kiingereza. Kilichomshinda ni sentensi za "kama". Kila alipozifikia alitia neno "would" pande zote mbili, na Kiptanui akagonga meza kwa huzuni ya mzee wa kanisa.

"Lakini Kiholanzi kinaruhusu," Bruda alilalamika kwa Kiswahili chake cha karakana. "Na nyinyi pia! Ningejua, ningekuja. Nge huku, nge kule. Kwa nini Mwingereza anataka moja tu?"

"Ni watu bahili, Bruda."

Mifano ya kitabuni haikusaidia. Kitabu kilisema kama mfalme angekuwa na farasi, na Bruda akauliza mfalme gani, na farasi wa rangi gani. Seremala, alisema, hapimi ubao usiokuwepo. Kila mfano uwe wa kweli, wa hapa hapa shuleni, na mtu awe na jina lake. Basi Kiptanui akampa wa kweli: kama mpishi angalichagua maharagwe vizuri, Kimaiyo asingalivunjika jino. Bruda alicheka mpaka vumbi la mbao likamtoka nywelani, akaigeuza sentensi kwa Kiingereza, na ile "would" ya ziada ikadondoka yenyewe. Tangu hapo habari zote za shule zilipita karakanani, zikatoka zikiwa sarufi. Kiptanui alianza kuona adhabu yake ni tamu.

Nje ya ua mambo hayakuwa matamu. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na Wakikuyu walikuwa wakiondolewa katika mashamba ya walowezi, shamba baada ya shamba. Wangare, mama yake Waithaka, aliyekuwa akichuma maua ya pareto upande wa Njoro, alipakiwa kwenye lori pamoja na majirani zake wote, akawekwa katika kambi ya seng'enge huko chini Nakuru, mwendo mfupi kutoka shuleni, kungoja gari moshi la kuwapeleka mbali. Waithaka aliachwa shuleni kwa sababu Padri Mkuu alimdhamini, na dhamana ilikuwa na sharti moja: asivuke ua. Akivuka, naye ataingia kambini, na masomo yameisha.

Jumapili, wakati wa ibada ya jioni, alivuka. Kiptanui alimwinulia waya, akampa Nero, mbwa wa Padri, mfupa alioutunza tangu mchana. Waithaka alikwenda mbio na blanketi lake mwenyewe chini ya koti, akarudi bila blanketi kabla chakula cha jioni hakijapoa. Hakuna aliyemwona. Usiku Kiptanui alimgawia nusu ya blanketi lake, wakagombania miguu kama ndugu.

Wiki hiyo mkaguzi alikuwa njiani, na Bruda alikuwa amekwama tena. Kiptanui alitafuta mfano mzuri kuliko yote. Aliupata, na hapo hapo akajua haufai kusemwa. Lakini ulikuwa mzuri mno.

"Kama mbwa angalibweka, kijana fulani asingalimwona mama yake."

"Kijana gani?" Bruda aliuliza. "Bila jina sentensi inachechemea."

Kiptanui alitazama mlango. "Waithaka. Lakini usijali, Bruda. Sentensi hizi ni za mambo ambayo hayakutokea."

"Hayakutokea," Bruda alikubali. Aliirudia kwa Kiingereza huku akipiga randa, mpaka ubao na sentensi vikalainika pamoja.

Mkaguzi alikuwa mlowezi mwenye ng'ombe upande wa Gilgil. Wiki hii alikuwa mkaguzi, wiki ijayo angevaa sare ya polisi wa akiba. Aliketi nyuma ya darasa na kofia yake magotini, akamwomba Bruda sentensi ya "kama", ya ile aina ngumu, iliyo yake mwenyewe.

Bruda alimtafuta Kiptanui kwa macho, akamtabasamia jinsi mwanafunzi anavyomtabasamia mwalimu wake. Kiptanui alitikisa kichwa. Bruda akadhani ni kutiwa moyo. Akaisema ile ya mbwa yote, pamoja na jina, bila kukwama, na "would" ilikuwa moja.

"Safi kabisa," mkaguzi alisema. "Na huyo Waithaka ni yupi?"

"Haikutokea, bwana!" Bruda alisema haraka. "Ni mambo ambayo hayakutokea."

"Kilichokosa kutokea ni mbwa kubweka," mkaguzi alisema.

Waithaka alisimama. Darasa zima lilingoja akatae, na Kiptanui alikataa moyoni kwa niaba yake.

"Ulimwona mama yako?"

"Nilimwona, bwana. Alikuwa anasikia baridi."

Padri Mkuu alimbembeleza mkaguzi barazani kwa muda mrefu, Bruda akiwa kando yake, uso mweupe kama chokaa, akiomba kwa Kiholanzi, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza ambacho sasa kilikuwa kimevunjika kila mahali. Haikusaidia kitu.

Bwenini Waithaka alikuwa anafunga sanduku.

"Mfano wako ulikuwa mzuri," alisema bila kugeuka. "Hata mbwa ulimtia."

"Waithaka, mimi nili..."

"Shika upande ule, bwana. Ni zito."

Walilibeba mpaka kwenye gari la mkaguzi. Kiptanui alikuwa amekunja blanketi lake na kuliweka juu ya sanduku. Waithaka alilitoa, akamrudishia, akapanda.

Bruda alifaulu. Muhula uliofuata alisimama mbele ya darasa na chaki mkononi, akaomba mfano wa "kama". Hakuna aliyeinua mkono. Nyuma kulikuwa na dawati tupu. Mwishowe akamtazama Kiptanui, na Kiptanui akasimama.

"Kama mvua itanyesha," alisema, "barabara itakuwa na matope."

Bruda aliiandika ubaoni, polepole, bila kuuliza barabara gani.