Mwenyekiti wa Ufukwe na Jiko la Mama Mkwe

Mwenyekiti wa kamati ya ufukwe aliitwa Mita Sitini, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Sheria ya mji ilikataza kujenga ndani ya mita sitini kutoka maji yanapofika, naye sheria hiyo haikumtoka mdomoni. Alimvunjia muuza soda kibanda chake cha mabati. Aliwatimua mafundi wa boti pamoja na turubai lao, akidai misumari yao inaudhi mchanga. "Bahari haina mtetezi ila mimi," alizoea kusema, na wajumbe wa kamati wakaitikia kwa vichwa, maana hiyo ndiyo kazi waliyokuja kufanya.

Kisha mwenye hoteli akaanza kujenga ukuta wa mawe mbele ya bwawa lake la kuogelea, mahali ambapo maji yakijaa huja kulamba miguu ya wateja. Watu wakangoja Mita Sitini atokee na tepu yake. Akatokea kweli. Aliupima ukuta kwa macho, tepu ikiwa mfukoni, akaletewa juisi, wakazungumza. Binti yake alikuwa ameposwa na familia ilihangaika kutafuta ukumbi. Mwenye hoteli hakutoa rushwa, Mungu apishe mbali. Alisema tu kwamba ukumbi wake mkubwa uko wazi siku ya harusi, na kwamba mtoto wa mwenyekiti ni mtoto wake pia.

Kamati ilipokaa, mwenyekiti alieleza kwamba kile si ukuta.

"Ni nini basi?" akauliza mjumbe mmoja, mgeni bado katika mambo hayo.

"Ni ukingo wa bustani. Una maua."

Maua yalikuwepo, yalipandwa asubuhi hiyohiyo. Kibali kikapita.

Mawimbi yaliyozoea kupanda mchangani na kuchoka polepole sasa yaligonga mawe, yakarudi yamekasirika na kuondoka na mchanga. Ukuta ulipoishia, yakakata kona na kuingia kiwanja cha jirani. Jirani huyo alikuwa mama mkwe wa mwenyekiti. Mwenyekiti alilijua hilo vizuri. Asichokijua ni kwamba ukuta unaokinga kiwanja kimoja huisukuma bahari hadi cha pili. Yeye alikuwa mwenyekiti wa ufukwe, hakuna aliyemtaka aujue ufukwe.

Mama mkwe alikuwa mjane, mkunga mstaafu, na ulimi wake haukustaafu. Nyumba yake ilijengwa zamani, mbali na maji. Kwanza ukaenda uzio, kisha bustani ya mboga. Asubuhi moja alikuwa anabandika chai, sakafu ikapasuka, na ukuta wa jiko ukaketi mchangani kama mtu aliyechoka. Akatoka na birika mkononi, akaenda nalo moja kwa moja hadi ofisini kwa mkwewe.

"Mama, karibu. Mbona hukupiga simu? Ungekuja nyumbani tu."

"Nyumbani naja, usiwe na wasiwasi. Hapa nimekuja kwa mwenyekiti. Jiko langu limeingia baharini."

"Pole sana, mama. Ni mabadiliko ya tabianchi. Dunia nzima inalia."

"Dunia nzima haikujengewa ukuta ubavuni mwa jiko langu."

"Ule ni ukingo wa bustani, mama, una..."

"Mwanangu, nimezalisha nusu ya mji huu. Wengi waliniambia si mimba, ni gesi. Sikubishana nao. Nilisubiri."

Mwenyekiti aliahidi kuunda kamati ndogo. Mama mkwe alihamia kwake siku hiyo, akatandika godoro sebuleni.

Mke wa mwenyekiti hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Walipokuwa chumbani alimwambia, "Mama yangu analala sebuleni kwa sababu ya maua. Ubomoe ule ukuta."

"Na harusi ya mtoto tuipeleke wapi? Kadi zimeshagawanywa."

Mke akazima taa. "Basi ngoja harusi ipite," akasema, kisha akageukia ukutani akalia. Sebule na chumba vilitenganishwa na pazia tu. Mama mkwe alisikia kila neno, na kilichomuuma si jiko tena.

Siku ya harusi ukumbi ulifurika, na kamati nzima ilikalishwa meza ya mbele. Mshereheshaji akampa bibi kipaza sauti, ampe mjukuu wake nasaha.

"Mjukuu wangu," akasema, "mtakapojenga, msimtupie jirani mawimbi yenu. Kama huelewi ninachosema, fungua pazia hilo nyuma yako."

Bibi harusi akalifungua. Ng'ambo ya kioo, nusu ya jiko la bibi yake ilining'inia juu ya maji. Sufuria moja bado ilikuwa imetundikwa kwenye msumari.

"Baba," akauliza taratibu, "si uliniambia bibi amehamia kwetu ili asaidie mambo ya harusi?"

Baba alitazama sahani yake. Bibi harusi akakusanya gauni lake, akatoka nje, bwana harusi akamfuata. Wageni nao wakanyanyua viti vya hoteli, wakaenda kukaa kwenye kipande cha uwanja wa bibi kilichosalia. Mama wa bibi harusi alitangulia kubeba kiti. Ukumbini walibaki mwenye hoteli, keki na kamati.

Kikao kilichofuata, wajumbe wote waliamua ukuta ubomolewe, na kila mmoja alieleza jinsi alivyokuwa na mashaka tangu mwanzo. Mita Sitini alijiuzulu kwa sababu za kifamilia, na kwa mara ya kwanza tangazo la kamati lilikuwa la kweli. Mawe yaliondolewa. Mchanga haukuwa na haraka ya kurudi.

Kwa sasa anamjengea mama mkwe jiko jipya upande wa barabarani, yeye na fundi mmoja. Mama mkwe huketi kivulini akiwatazama.

"Hapo pamepinda," alisema juzi.

"Fundi anasema pako sawa, mama."

"Fundi hatapika humo."

Mkwe akaitazama ile safu ya matofali, akamtazama na fundi, ambaye ghafla alikuwa na shughuli upande wa pili. Kisha akaanza kuyabandua, moja moja.