Mwisho Aliosomewa Mama Posta

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, Kinyozi huwafungia wateja duka na kutufungulia sisi wasomaji. Tuko watano. Viti vya kunyolea ni vitatu tu, kwa hiyo mimi na Kinyozi hukaa kwenye benchi la wanaosubiri zamu, na wenzetu huzungumza huku wakijitazama kwenye vioo. Mtu akisifu kitabu huku anajiona, maneno hayamwishi.

Kiti cha kati ni cha mama mkwe wangu. Alipanga barua posta kwa miaka thelathini, na mpaka leo mtaa mzima unamwita Mama Posta. Chama ni chake na sheria ni yake: asiyekisoma kitabu mpaka mwisho hana ruhusa ya kukisema. Fundi Saa aliwahi kukiponda kitabu alichokiishia katikati, akanyamazishwa vikao viwili. Alinyamaza, lakini hakusahau.

Ambacho wenzetu hawakukijua ni kwamba Mama Posta haoni tena herufi. Macho yalimwishia taratibu, sasa yanamwonyesha mlango uko wapi na mtu amesimama wapi, basi. Nyumbani tuko wawili. Mwanawe, ambaye ni mume wangu, alikwenda kutafuta kazi miaka minne iliyopita, akapiga simu kwa miezi sita, kisha kimya. Watu wakiniuliza habari zake huwajibu kwamba nilishamfuta, na huwajibu kwa ukali ili wasirudie.

Mimi ni mshonaji. Jioni nikishafunika cherehani, namsomea mama sura mbili. Penye mstari alioupenda naweka uzi mwekundu, naye anaukariri, ili Jumapili akifungue kitabu hapo na kuutamka kama anayesoma. Nilimsihi mara nyingi awaambie ukweli.

"Wataanza kunihurumia," alisema. "Na mtu anayehurumiwa habishiwi."

Mabishano ya Jumapili ndiyo yanayomtoa kitandani wiki nzima, hilo nalijua kuliko daktari wake. Chama kikianza kumwitikia ndiyo mama, ndiyo mama, atakuwa amekwisha.

Mwezi uliopita tulianza, kama kawaida, na vitabu ambavyo kila mtu amejisomea kivyake. Nesi Mstaafu alileta cha mapenzi, ambamo daktari anamposa muuguzi katikati ya upasuaji, mgonjwa kalala tumbo wazi. Alisema huo ni uongo mtupu na angewafukuza kazi wote wawili, kisha akakiri kwamba amekisoma mara mbili na mara ya pili alilia zaidi. Kinyozi alikuwa na cha upelelezi. Muuaji alimjua kwenye ukurasa wa ishirini, maana mtu aliyefiwa usiku hawezi kuamka na ndevu zimechongwa vile. Fundi Saa alisifu kitabu cha nyota mpaka jasho likamtoka. Alisema mwanga tunaouona leo ulianza safari kabla babu zetu hawajazaliwa, na tangu ajue hilo hawezi tena kumgombeza mteja anayechelewa kuja kuchukua saa yake. Mimi nilisema habari za kitabu cha ufugaji nyuki, nilichokipenda bila kumiliki nyuki hata mmoja. Nikawaambia malkia wa nyuki haamui lolote, kazi yake ni kutaga mayai na kulishwa. Nesi akasema wa namna hiyo anawafahamu.

Kisha tukaja kwenye kitabu tulichosoma wote, riwaya ya mwanamume aliyekwenda migodini na mkewe anayemngoja miaka tisa. Mama Posta alifungua penye uzi, akautamka mstari wake bila kukosea, kisha akakifunga kitabu magotini.

"Kilichonimaliza ni ule mwisho," alisema. "Anarudi na mfuko mmoja tu. Anavua viatu nje, anavipanga ukutani, visigino vimegusa ukuta. Na mke hamuulizi alikuwa wapi. Anamtengea maji ya kuoga."

Fundi Saa alikizungusha kiti chake.

"Mama Posta, hicho ni kitabu gani? Kwenye changu harudi."

Kwenye kitabu, mke anauza kitanda na kuhamia kwa dada yake, na riwaya inaishia hapo. Alhamisi nilipoufikia ukurasa huo, mdomo ulinigomea. Sikupanga kudanganya, nilishtukia tu nimeshamrudisha yule bwana nyumbani, kwa maneno yangu, na viatu vyake vikiwa vimepangwa kama mume wangu anavyovipanga vyake. Nikakifunga kitabu, nikaenda kuosha vyombo.

Fundi Saa hakucheka. Aliuliza polepole, kwa adabu inayokera, kama mwenyekiti amekisoma kitabu mpaka mwisho. Nesi aliinamisha macho. Nilisimama niseme labda vilichapwa vya aina mbili, lakini mama aliinua mkono.

"Sioni," alisema. "Huu mwaka wa pili sioni. Mkwe wangu ndiye anayenisomea, na hayo ndiyo aliyonisomea." Akaninyooshea kitabu. "Haya, soma chenyewe."

Nikausoma ukurasa wa mwisho kama ulivyo, kitanda kikauzwa, mke akaondoka. Nesi alikuwa ameshafungua mdomo atoe pole, na mimi namwomba Mungu amzibe, Fundi Saa akamtangulia.

"Hata hivyo," alisema, "huo mwisho wa mkweo ni mbovu. Mtu hapotei miaka tisa akarudi kutengewa maji."

Mama Posta alimgeukia. "Wewe unasema hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kukungoja."

Wakabishana karibu saa nzima. Kinyozi alikuwa upande wa maji, Nesi upande wa kuuza kitanda, na Fundi Saa alipandisha sauti kwa mama bila kumwonea haya hata kidogo. Nilimpenda siku hiyo, yule mzee mkaidi.

Tukarudi kwa miguu, mama amenishika kiwiko. Tulipofika kwenye maduka alisema, "Wewe si huwa unasema ulishamfuta?"

Nilimwambia nilidhani yeye ndiye anayemngoja. Nilitunga kwa ajili yake.

"Mimi niliacha mwaka jana," alisema. "Nikanyamaza. Niliogopa ukijua nimeacha, utafunga virago uende zako, na usingekuwa na kosa."

Nililia pale pale barabarani, jua likiwaka, watu wakipita na mifuko yao ya sokoni, mimi ninayewasema vibaya wanaolia hadharani. Mama alisimama akanisubiri.

"Sifungi virago," nilimwambia mwishowe. "Lakini bado namngoja, mama. Sijui watu wanaachaje."

"Nimesikia," alisema, tukavuka barabara.