Pembe ya Kifungua Mimba

Siku ya msiba, majirani walisogeza kabati la nguo la marehemu hadi dirishani ili watu wapate pa kukaa. Watu wakala, wakalia, wakaondoka. Kabati likabaki, na chumba cha mjane kikawa giza tangu asubuhi.

Watoto wake wanne waliishi miji minne. Wakapatana kwa simu kwamba Jumamosi, saa nne kamili, kila mmoja atainama hapo alipo na kuinua pembe yake ya kabati, litoke dirishani. Nauli zilikuwa zimepanda, hivyo ilikuwa njia rahisi.

Saa ilipofika, muuguzi aliinama katikati ya wodi, akamwomba mgonjwa astahimili kidogo. Dereva wa lori aliegesha kando ya barabara, akashuka, akashika hewa. Mwalimu naye akashika yake mbele ya darasa, wanafunzi wakaendelea kunakili. Kule nyumbani pembe tatu zikapanda. Ya nne, ya kifungua mimba, ikabaki sakafuni. Kabati likauzunguka mguu wa pembe hiyo kama mbuzi aliyefungwa kambani, likampita mama puani, likarudi pale pale dirishani.

"Kaka, kweli umeinua?" muuguzi aliuliza simuni.

"Mpaka kiuno kinalia! Muulizeni huyo mwenye lori. Kitambi kile kitainama?"

"Kitambi changu kiache," alisema dereva. "Kama huwezi, sema tu, kaka. Mmoja wetu atashika pembe mbili."

"Nani kasema siwezi? Mkubwa ni mimi. Nikishasema nimesema."

Basi pembe ile haikuguswa na mtu, maana ilikuwa na mwenyewe.

Jumamosi ya pili kabati likazunguka tena. Ya tatu likamwaga mashati ya marehemu. Mama akayakunja, akanusa moja, akayarudisha. Kufikia ya tisa alikwishajua kwamba kabati likiwa safarini, dirisha hubaki wazi kwa muda wa kutosha kutunga uzi kwenye sindano. Ikawa kila Jumamosi anakaa tayari, ncha ya uzi ameilowesha kwa mate.

Kabati likishatua, kifungua mimba hupiga simu akihema.

"Mama, limetoka?"

"Limetoka, mwanangu. Pumzika sasa."

Kisha mama huwasha taa, saa nne na robo asubuhi, na kuendelea kushona.